Pamba Wote Waingie Ndani

Umande wa Wamaza haujakauka, na Anastasie Feza ameshapanda juu ya kichuguu chake. Kengele ya kampuni ya pamba iko mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika kiuno. Mbele yake vikapu vya pamba vimejaa uwanja mzima wa soko, na nyuma ya kila kikapu yuko aliyekibeba kutoka vijiji vya ndani: mama mjamzito, mzee wa fimbo, kijana ambaye shingo bado inamuuma kwa mzigo.

Anagonga kengele. Soko linanyamaza.

"Pamba wote wamefika?" anauliza kwa sauti inayovuka kijito na kurudi. "Pamba wote waingie ndani! Wapumzike kwenye kivuli! Watu yote ibaki inje! Watu ipangwe mustari! Ikikauka, itapimwa!"

Kicheko cha chini chini kinapita katika mistari. Si cha furaha sana. Mzee mmoja anasogeza kofia yake nyuma na kujibu kwa niaba ya wenzake: "Watu imesikia, mama!"

Msomaji aliyewahi kuchapwa shuleni kwa kuandika "kiti yangu" amekwisha kukunja uso. Avumilie kidogo. Mama huyu anakosea makusudi, na kwa makusudi hayo ameshalala gerezani, na bado anaendelea.

Kila aliyelelewa na lugha hii anajua kwamba watu wanaingia na pamba inaingia. Anastasie amewabadilishia viti. Pamba ameipa kiti cha watu, na watu amewatupa katika kundi la meza, sufuria na ngozi za mbuzi. Neno "iko" peke yake halimshtui mtu huku. Maniema nzima mtu iko, mbuzi iko, mvua iko. Lakini "watu ikikauka"? Hapo hata mwenyeji Mbangubangu aliyejiokotea Kiswahili sokoni anageuka kutazama, maana katika lugha ya mama yake pia mtu ana namna yake ya kutajwa na kitu kina namna yake.

Sasa tazama soko lenyewe. Banda la kampuni lina paa la mabati, sakafu iliyoinuliwa juu ya mawe na ukuta wa mianzi unaopitisha hewa. Humo hukaa pamba, kwa sababu pamba ikilowa inaoza, na kampuni haitaki kusikia habari ya pamba iliyooza. Aliyeilima hukaa nje. Jua ni lake, mvua ni yake, na zamu ya mizani ikichelewa hadi kesho, usiku nao ni wake. Na pamba hiyo, yeye hakuomba kuilima. Ni kilimo cha lazima, na kila mwanaume wa wilaya hii ya Kabambare ana kipande chake cha shamba ambacho mkaguzi atakuja kukitazama, apende asipende.

Pembeni mwa banda hilo, msimu huu wa mwaka 1958, kuna jambo jipya: nguzo zimesimikwa ardhini, ndefu, zimechongwa vizuri, na juu yake hakuna kitu. Hadithi ya nguzo hizo ndiyo hadithi ya Anastasie.

Alizaliwa karibu na Kasongo, katika ukoo wa wakulima Wakristo ambao nyumbani husema Kizimba, na mgeni akiingia tu, hubadilisha na kusema Kiswahili kilichonyooka. Watu wa Kasongo wanajivunia Kiswahili chao, na kwa hilo hawana aibu hata kidogo. Mtoto akikosea salamu mbele ya wakubwa hapigwi. Anatolewa nje, anaambiwa abishe hodi tena, na aanze upya.

"Mimi nilirudishwa mulangoni mara nyingi mupaka magoti ilijua ile njia," anasema akicheka. "Mama yangu alikuwa anasema, mutu anayesema ovyo anaingia ndani ya nyumba na matope."

Aliolewa Wamaza na Roger Kalonda, aliyekuwa mwitaji wa soko la pamba. Kazi ya mwitaji ni kusimama juu ya kichuguu na kutangaza amri: kijiji gani kisogee, mzigo gani uwekwe wapi, nani apishe njia. Roger aliifanya hadi uvimbe ulipomkamata koo, na sauti yake ikabaki mnong'ono. Siku moja mkewe aliita badala yake. Mnunuzi wa kampuni alisikia jinsi sauti ile inavyofika hadi kwa walioketi mwisho kabisa, akamwachia kengele. Mshahara alimpa nusu ya ule wa Roger. Alipouliza kwa nini, aliambiwa mwanamke anakula kidogo.

Mnunuzi huyo ni Mbelgiji ambaye Wamaza yote inamwita Mbiombio, kwa sababu ndilo neno la kwanza analosema akishuka garini na la mwisho akiondoka. Kiswahili chake alikiokota kwa wapishi na askari, naye hakupoteza muda kukichagua. Kwake kila kitu ni kimoja. Watu inakuja, pamba inakuja, na mke wake aliyebaki Ulaya, naye inakuja mwakani.

Hakuna aliyemkasirikia kwa hilo. Kazi ya Anastasie ilikuwa kupokea maneno yake yalivyo na kuyatoa yakiwa yamenyooka. "Nilikuwa ninapiga pasi," anasema. "Anasema, 'Watu hii irudi nyuma!' Mimi ninaita, 'Jamani, rudini nyuma kidogo.' Watu wanarudi. Hawajui kama wameitwa vitu, kwa sababu mimi nimepiga pasi."

Kisha ikaja siku ya mvua.

Ilikuwa soko la kwanza la msimu uliopita, mvua za mwisho zikiwa hazijaaga bado. Katika mstari alikuwepo Clémentine, dada mkubwa wa Anastasie, ambaye naye aliolewa upande huu na kumsaidia kulea watoto wake. Clémentine alikuwa ametoka kuugua kifua. Alikuja na pamba ya mume wake kwa sababu mume alikuwa kwenye kazi ya barabara, na pamba isipoletwa mwenye shamba anajibu. Mawingu yalipofunga, Mbiombio alitoka barazani na kupiga kelele: "Pamba! Ingiza pamba! Watu inaweza kungoja!"

Anastasie aligonga kengele na kufanya kazi yake. Aliita kwa Kiswahili ambacho mama yake asingekirudisha mlangoni: "Pamba iingie ndani! Watu wangoje!"

Watu waliibeba pamba wakaiingiza. Kisha wakatoka nje wakangoja. Mvua iliwapiga hadi ikachoka.

"Dada yangu aliniangalia," Anastasie anasema. Hapo hacheki tena. "Alikuwa anatetemeka, lakini aliniangalia bila hasira, kwa sababu nilikuwa nimesema kwa heshima. Kama ningesema vile yule bwana alisema, kila mutu angesikia kwamba sisi ni kitu. Pengine tungekataa. Lakini mimi nilipiga pasi ile amri, ikapendeza, na dada yangu akaitii."

Kichomi kilimchukua Clémentine kabla ya soko lililofuata. Alizikwa Wamaza, nyuma ya nyumba ya mume wake. Anastasie anasema wazi kwamba alitaka kutupa kengele mtoni. Roger ndiye aliyemzuia. Dawa yake ya koo ilinunuliwa kwa mshahara wa kengele hiyo, lakini haikuwa hiyo sababu aliyoitoa. Alimvuta mkewe karibu na kumnong'oneza kwamba atakayepewa kengele baada yake atapiga pasi vilevile.

Basi soko lililofuata alipanda kichuguuni. Mbiombio akasema, "Watu hii ipangwe!" Anastasie aligonga kengele, akavuta pumzi, na kurudisha neno kama alivyolipokea: "Watu hii ipangwe!"

Soko lote likaganda. Wengine walidhani msiba umemvuruga akili. Binamu wa mume wake alipiga hatua mbele ili amshushe kwa upole. Yeye akagonga tena. "Watu ipangwe! Watu isiguse pamba! Na pamba," akaongeza, hili likiwa lake mwenyewe, "pamba wasisumbuliwe, wamechoka na safari!"

Hapo aliyekuwa hajaelewa alielewa. Victorine, bibi wa Kibangubangu anayeuza ndizi za kuchoma karibu na mizani, aliinua mikono yake miwili na kusema: "Ee! Kumbe ndiyo maana tulinyeshewa!" Akaketi chini na kulia, kwa sababu Clémentine alikuwa mteja wake, na wengi wakalia naye.

Mbiombio hakusikia tofauti yoyote. Kwa mara ya kwanza mwitaji wake alikuwa akisema kama yeye, na inasemekana alifurahi, akamwambia mpishi wake kwamba mama yule sasa anaeleweka vizuri zaidi.

Msimu ule wote Anastasie hakunyoosha sentensi hata moja. Pamba walikaribishwa, pamba walipewa pole, pamba walitakiwa usingizi mwema. Watu ilisukumwa, ilipimwa, ilirudishwa. Kila soko maneno yalizidi ukali, na kila soko watu walizidi kuja mapema ili wasikose kuyasikia.

Aliyeumia zaidi na mchezo huu hakuwa Mzungu. Ni Théophile Kalonda, mdogo wake Roger, mwalimu wa shule ya misheni pale Wamaza, aliyesomea Kasongo na kurudi na saa ya mkononi na mapenzi makubwa ya sarufi. Alimfuata shemeji yake nyumbani.

"Shemeji, unatuaibisha," anakumbuka kumwambia. "Wazungu wanasema siku zote kwamba sisi hatujui kusema. Wewe unawapa ushahidi kwa kengele! Watoto wangu wanaandika 'watu inaimba' ubaoni, nikiwauliza, wanasema, 'Mama Anastasie anasema vile.'"

"Nawe unawaambia nini?"

"Nawaambia ni makosa."

"Vizuri," Anastasie alimjibu. "Waambie tena na tena. Siku wakisahau kwamba ni makosa, hapo ndipo nitanyamaza."

Théophile aliondoka bila kunywa chai. Gazeti hili lilipomkuta shuleni mwezi huu, chaki ikiwa mkononi, alisema bado hakubaliani. "Lugha ndiyo mali pekee ambayo hawakuipima kwa mizani," alisema. "Hatuwezi kuivunja sisi wenyewe."

Mbiombio asingegundua kamwe. Aliyegundua ni ofisa mmoja wa serikali aliyekuwa akizunguka masokoni, mtu mrefu, mtulivu, ambaye watu walimbatiza Kalamu Mbili kwa jinsi zilivyochomoza mfukoni mwake. Huyu Kiswahili alikijua. Alifika soko la mwisho la msimu, mwanzo wa Septemba, akaketi kivulini barazani, akasikiliza. Wanaosimulia wanasema mwanzo alitabasamu. Kisha akaacha kutabasamu, akamwita mwitaji.

Waliozunguka walisikia kila neno, na wanalirudia kwa furaha isiyofichika.

"Mama, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Kasongo, bwana."

"Watu wa Kasongo hawasemi hivyo."

"Hawasemi, bwana. Ni kweli."

"Basi kwa nini husemi vizuri?"

"Nitasema vizuri siku itakuwa vizuri."

Kalamu Mbili aliinuka kitini. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba ameuona mchezo wake, na kwamba kuwadharau wakubwa kwa ujanja ni kuwadharau tu. Atampa nafasi moja. Apande kichuguuni, aite amri inayofuata kwa Kiswahili cha watu. Akikosea tena, kengele itabaki hapo, na yeye atakwenda gerezani Kabambare.

"Wewe unataka nini hasa?" alimuuliza mwishoni.

"Paa," Anastasie alijibu. "Kama la pamba. Watu waingie mvua ikinyesha."

"Hilo si la soko. Hilo litaandikiwa maombi."

"Basi na sarufi iandikiwe maombi, bwana."

Wakati huo mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika upande wa mto Lualaba. Upepo uliinua vumbi la uwanja, na radi ikapiga karibu. Mbiombio alitoka mbio, kofia mkononi. Pamba yote iliyopimwa asubuhi ile ilikuwa bado nje, imerundikwa kwenye mikeka, ikisubiri lori la kuipeleka Kasongo kuchambuliwa. "Pamba!" alilia. "Mbio mbio! Pamba!"

Kalamu Mbili akamnyooshea Anastasie kichuguu. "Haya, mama. Waambie watu waingize pamba."

Alipanda polepole. Alimwona Roger ameketi katika jua linalokufa, shingo imefungwa kitambaa, na alijua dawa ya kitambaa kile inatoka wapi. Aliona mistari ya watu wakimtazama wote kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa akicheka. "Niliona pahali dada yangu alisimama," anasema. "Mutu mwingine alikuwa amesimama pale pale."

Akagonga kengele.

"Pamba wote waingie ndani!" aliita. Hakuongeza neno.

Hakuna aliyesogea. Ilichukua muda mfupi tu, lakini kila aliyekuwepo anausimulia kana kwamba ulikuwa mchana mzima. Amri ilikuwa imetolewa, tena kwa sauti kubwa na kwa upatanisho wa maneno usio na doa. Tatizo ni kwamba walioamriwa walikuwa pamba.

Bibi Victorine ndiye aliyeanza. Aligeukia rundo lililokuwa karibu naye, akaligusa kwa kidole kama mtu anayeamsha mgeni. "Wewe," akaliambia, "umesikia? Umeitwa. Simama, uende."

Kicheko kililipuka, na safari hii kilikuwa cha furaha kamili. Kijana mmoja akapiga magoti mbele ya mikeka na kuwaomba pamba kwa heshima zote watangulie. Wengine wakaketi chini, mmoja mmoja, kisha mistari mizima. Mbiombio alikimbia huku na huku akivuta watu mikono. "Simama! Beba! Watu ibebe pamba!"

"Bwana," mzee mmoja akamjibu bila kunyanyuka, "watu haitembei. Kitu inabebwa. Sisi inangoja kubebwa."

Kalamu Mbili aliwaita polisi waliofuatana naye na kuwaamuru wawakamate wakaidi. Mmoja wao, kijana wa kwao Kabambare hapo hapo, alisimama wima, akapiga saluti, na kuuliza swali ambalo huenda alikuwa na haki ya kuuliza: "Nikamate pamba, bwana, ama watu?"

Hajapandishwa cheo mpaka leo.

Mvua ikafika. Hawakukimbia. Walikaa pale walipokuwa, wanawake wakafunika vichwa vya watoto kwa vikapu vitupu, na wakaacha maji yawapige. Pamba nao walipigwa. Mbiombio na mpishi wake walibeba walichoweza mpaka Mzungu akateleza kwenye matope akakaa, naye akabaki amekaa, miongoni mwa watu wote waliokaa. Banda la mabati lilikuwa wazi na tupu. Mtu yeyote angeweza kuingia. Hakuingia hata mmoja.

Na mwalimu Théophile je? Alikuwepo na darasa lake la wakubwa. "Nilikaa," alisema, akifuta chaki vidoleni. "Lakini andika hivi: mimi nilikaa kama mtu anavyokaa. Wao waseme 'watu ilikaa.' Mimi nilikaa kwa sarufi sahihi."

Anastasie alishuka kichuguuni kabla ya kuitwa. Alimpa Kalamu Mbili kengele mwenyewe, mkononi, ikiwa inachuruzika maji. Alilala wiki mbili katika buloko ya Kabambare, kama gereza linavyoitwa huku, akifyeka uani na kufagia ofisi. Asubuhi mlinzi alipoita majina, kila mfungwa alijibu "Nipo." Anastasie alijibu "Imefika." Mlinzi alimkaripia siku za kwanza. Baadaye akawa anageuka pembeni ili asionekane anavyocheka. Chakula alitumiwa kutoka Wamaza na wanawake waliopokezana njia kwa miguu, wengine Wakristo, wengine Waislamu, na kila aliyefika alimwambia mlinzi kwamba ameleta chakula cha kile kitu chenu.

Pamba iliyolowa ilioza. Inasemekana mkubwa wa kampuni aliyekuja kuona hasara aliuliza sababu, na Mbiombio, baada ya kutafuta maneno kwa muda, akamweleza kwamba sababu ilikuwa kitenzi. Gazeti hili halikuweza kuthibitisha habari hiyo, lakini Wamaza nzima inaiamini.

Msimu huu ulipofunguliwa, kengele alipewa kijana aitwaye Gaston, mpole, mwenye sauti nzuri. Alipanda kichuguuni akaita kwa Kiswahili safi: "Watu wote wapange mstari!" Watu walitazama nyuma yao, kulia na kushoto, kuona ni nani hao wanaoitwa. "Haiko watu hapa," mmoja akamsaidia. "Iko vitu tu. Tafuta kwingine." Gaston alijaribu tena na tena. Mwishowe alishuka, akaweka kengele juu ya mizani na kwenda kuketi na wengine.

Mbiombio alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Roger. Alisimama nje, kofia mkononi. "Mama," alisema, "watu i..." Akasimama. Akajaribu upya. "Watu wa... wanakutaka." Ilikuwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo, watu wanasema, husita kidogo kabla ya kila kitenzi, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

Anastasie alimpa masharti mlangoni. Paa kwa watu, upande wa pili wa mizani. Mshahara wa Roger mzima, si nusu. Na mpaka paa litakapowekwa, yeye ataita anavyotaka. Mbiombio alikubali yote, maana mistari ilikuwa inasubiri. Wiki ileile nguzo zilikatwa na kusimikwa. Mshahara ulipanda, naye Roger amepata dawa nzuri zaidi. Mabati, kampuni inasema, yako njiani.

"Nguzo ni nzuri," Anastasie anasema akiipiga moja kwa kiganja. "Zimesimama sawasawa. Lakini ukisimama chini yake ukiangalia juu, unaona mbingu. Mimi sitasema vizuri kwa ajili ya nguzo."

Wakati huohuo neno lake limetembea kuliko yeye. Mwandishi alilisikia kwanza Kasongo, sokoni, kabla hajajua lilikotoka. Mpakiaji wa malori aitwaye Emile alikuwa akimweleza mwenzake safari ya kutoka Kabambare: "Mifuko waliketi mbele na dereva, wakipiga hadithi. Sisi ilifungwa nyuma kwa kamba." Wote waliosikia walicheka, na mama muuza mihogo akauliza kama mifuko walifika salama. Hakuna aliyemrudisha Emile mlangoni.

Ofisa Kalamu Mbili amehamishwa. Polisi yule bado analinda. Théophile bado anasahihisha, kila asubuhi, kwa wino mwekundu, na shemeji yake humpelekea ndizi.

Jua limepanda sasa. Mizani inafanya kazi, vikapu vinasogea, na watu wanakauka taratibu katika mistari yao. Anastasie anashuka kupumzika, anaketi katika ukanda mwembamba wa kivuli unaotupwa na nguzo moja. Anaulizwa atasema nini siku mabati yatakapofika. Tayari ameshafikiria. Siku hiyo ataita watu kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja atampa kiambishi chake, bila pasi, kwa sababu hakutakuwa na mkunjo wa kunyoosha.

"Nitaanza na dada yangu," anasema. "Nitaita, 'Clémentine aingie ndani.' Ninajua hatasikia. Lakini pamba nao hawakuwa wanasikia, na nimewaita mwaka muzima."